Vifaa vya safari ya siku nyingi katika milima ya Virunga

Vifaa vya safari ya siku nyingi katika milima ya Virunga ni nguo, viatu, malazi, chakula na zana anazohitaji mtu ili alale mlimani usiku mmoja au zaidi na kushuka akiwa mzima. Makala hii inahusu upande wa Kongo, katika wilaya za Nyiragongo na Rutshuru, jimbo la Kivu ya Kaskazini. Katika milima hiyo jua kali, ukungu, mvua na baridi inayokaribia kugandisha maji huweza kumpata msafiri mmoja ndani ya siku moja. Kwa sababu hiyo mzigo hupangwa kwa kuhofia maji kwanza na baridi baadaye, kwani baridi ambayo mtu mkavu huivumilia ndiyo inayomuua aliyelowa.

Mazingira

Kalengera ni mji mdogo kando ya barabara ya taifa namba 2, kati ya Goma na Rutshuru, mahali inapochepuka barabara ya kwenda Tongo. Kusini mwake imejipanga milima mikubwa ya Virunga: Nyamulagira (mita 3,058) na Nyiragongo (mita 3,470), ambazo ni volkano hai, pamoja na Mikeno (mita 4,437) na Karisimbi (mita 4,507), ambao uko mpakani na Rwanda. Rumangabo, yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iko kwenye barabara hiyohiyo. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1925 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1979.

Hadi mwaka 2021 safari iliyozoeleka zaidi ilikuwa ya siku mbili kwenda Nyiragongo. Ilianzia Kibati, kaskazini mwa Goma, na kupanda kwa saa nne hadi sita mpaka ukingo wa kreta, ambako wageni walilala katika vibanda vidogo. Safari ndefu zaidi ilikuwa ya Ruwenzori, nje ya milima ya Virunga yenyewe lakini ndani ya hifadhi hiyo, upande wa kaskazini. Ilianzia Mutsora na kuchukua siku kadhaa, na kilele cha Margherita cha milima hiyo kina mita 5,109.

Hali ya hewa

Mvua huzidi kuanzia Machi hadi Mei na tena kuanzia Septemba hadi Desemba. Januari, Februari, Juni na Julai huwa na nafuu, lakini hakuna mwezi ambao mlima huahidi ukavu. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6 za selsiasi kila mita 1,000 za kupanda. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi na joto lake la wastani hukaribia nyuzi 20. Mtu akiondoka huko na kufika ukingo wa Nyiragongo, amepanda takriban mita 2,000 na kupoteza nyuzi 12. Usiku ukiingia na upepo ukivuma, joto hushuka karibu na sifuri. Juu ya mlima Karisimbi huanguka theluji na mvua ya mawe, ingawa uko digrii moja na nusu tu kusini mwa ikweta.

Maafa ya mwaka 1908

Tukio linaloonyesha vizuri hatari hii lilitokea Karisimbi mwanzoni mwa mwaka 1908. Mjiolojia Mjerumani Egon Kirschstein, wa msafara wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg, alikuwa akivuka mlima na wapagazi wake walipokumbwa na dhoruba ya theluji na mvua ya mawe. Wapagazi wapatao 20 walikufa kwa baridi. Walikuwa wamevaa nguo haba, na mizigo waliyobeba ilikuwa ya watu wengine. Maafa hayo yanafundisha kwamba vifaa vya msafara havitoshi hadi vimtoshe yule aliyevaa vichache kuliko wote.

Mavazi

Maji hunyonya joto la mwili kwa kasi inayozidi ile ya hewa zaidi ya mara 20. Kwa hiyo mavazi hupangwa kwa tabaka tatu. Ya ndani ni fulana ya sufu au ya nyuzi za viwandani, ambayo hukauka upesi. Ya kati ni sweta nzito au koti la joto. Ya nje ni koti la mvua lenye kofia pamoja na suruali yake, na kazi yake ni kuzuia maji na upepo. Pamba haifai hapa: jinzi na fulana za kawaida hushika jasho na mvua, huwa nzito, na hazikauki kwenye ukungu. Mwenye fedha chache anaweza kupata sufu na makoti mazuri katika mitumba ya Goma, mradi apapase kitambaa, asome lebo na kulijaribu koti kwa maji kabla ya siku ya safari.

Makosa mengi hutokea wakati wa kupanda. Mtu huvaa koti zito tangu Kibati, hutoka jasho, na hufika juu akiwa amelowa kutoka ndani ingawa mvua haikunyesha. Wazoefu huanza kutembea wakihisi baridi kidogo, na huvaa tabaka la kati pale tu wanapopumzika.

Seti moja ya nguo haiguswi mchana hata mvua inyeshe vipi: fulana, suruali, soksi nene, kofia ya sufu na glovu. Hizo ni za kulalia. Asubuhi msafiri huzivua, huzifunga tena na kuvaa zile zilizolowa jana. Jambo hilo ni gumu kufanya alfajiri yenye baridi, lakini anayelikwepa hana nguo kavu usiku wa pili.

Viatu

Njia ya Nyiragongo hupita juu ya mawe ya lava yaliyolegea, yenye ncha zinazokata soli laini na viganja. Hutakiwa kiatu kinachoshika kifundo cha mguu, chenye soli ngumu, kilichokwisha kuvaliwa kwa wiki kadhaa. Fimbo husaidia magoti wakati wa kushuka. Katika matope ya msituni na mabwawa ya Ruwenzori, viatu vya mpira vinavyofika magotini hushinda vya ngozi. Suruali huingizwa ndani ya soksi kwa ajili ya siafu na upupu.

Malazi

Mfuko wa kulalia uwe wa kuhimili nyuzi 0 au chini yake, na chini yake kiwepo kigodoro, kwani ardhi hunyonya joto kuliko hewa. Hema liwe na paa la pili la kuzuia mvua. Mahali pa kulisimamisha hutaka uangalifu wa pekee. Katika mabonde na mashimo ya nchi ya volkano hukusanyika mazuku, yaani hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haionekani, na huua watu na mifugo. Kwa hiyo hema halisimamishwi shimoni, hata kama shimo hilo linakinga upepo.

Chakula na maji

Nyiragongo hauna kijito cha kutegemea, kwani lava hunywa mvua yote. Maji yote hubebwa kutoka chini, lita tatu hadi nne kwa mtu kwa siku, pamoja na ya kupikia. Kwa kuwa kipindupindu hurudi mara kwa mara katika eneo la Goma, maji huchemshwa au kutiwa dawa kabla ya kuondoka.

Kwenye mita 3,400 maji huchemka karibu nyuzi 89, hivyo maharagwe makavu huweza kumaliza makaa yote bila kuiva. Ni bora kubeba vilivyokwisha kuiva au visivyohitaji moto mwingi: jibini la Masisi, sambaza wakavu wa Ziwa Kivu, karanga, mkate, mayai ya kuchemsha, sukari na majani ya chai. Makaa ya kupikia hubebwa pia, kwa sababu kukata kuni ndani ya hifadhi ni marufuku.

Kufunga mzigo

Kifuniko cha begi pekee hakizuii mvua ya saa tatu. Mfuko mzito wa plastiki hutandazwa ndani ya begi, kisha nguo za usiku na mfuko wa kulalia hufungwa kila kimoja katika plastiki yake na kuwekwa chini kabisa. Vitu vizito hukaa katikati, karibu na mgongo. Koti la mvua, glovu, tochi ya kichwani na chakula cha njiani hukaa juu, kwani mvua haimsubiri mtu apekue. Betri za akiba, dawa za malengelenge, za maumivu na za kuhara, miwani ya jua na vitambulisho hutiwa mfuko mmoja mdogo.

Wapagazi

Wapagazi wengi ni vijana wa vijiji vya jirani, na kipato chao hulisha familia. Mzigo wa mpagazi hupimwa kwa mizani, haukadiriwi kwa macho. Kilimanjaro, nchini Tanzania, kikomo ni kilo 20. Kabla ya kuondoka, kiongozi hukagua koti, viatu, blanketi na chakula cha kila mpagazi kama anavyokagua vya mgeni, na anayekosa hupewa. Mpagazi asiye na koti hapandi, na safari husubiri hadi apate.

Usalama na hali ya sasa

Mtu anayetetemeka, anayejikwaa na kusema maneno yasiyoeleweka ameanza kushindwa na baridi: huvuliwa nguo zilizolowa, huvishwa kavu, hupewa kinywaji chenye sukari akiweza kumeza, na hateremshwi peke yake. Kichwa kinachouma pamoja na kutapika juu ya mita 2,500 ni dalili ya ugonjwa wa mwinuko, na tiba yake ya kwanza ni kushuka.

Safari za Nyiragongo zilisitishwa baada ya mlipuko wa tarehe 22 Mei 2021, na vita vilivyorejea Rutshuru mwishoni mwa mwaka huo viliifikia barabara ya Rumangabo na Kalengera. Hakuna koti wala kiatu kinachochukua nafasi ya ruhusa ya mamlaka ya hifadhi, taarifa za Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma na neno la wakazi wa njiani. Vikikosekana hivyo vitatu, begi hubaki nyumbani.