Damu Iliyoziba Pafu

Mwaka 1927, katika hospitali ya wagonjwa wa kifua kikuu ya Trudeau, Saranac Lake, Marekani, daktari mpasuaji kutoka Kanada, Norman Bethune, alisisitiza madaktari wenzake wamchome sindano kifuani na kumtia hewa. Alikuwa akiugua kifua kikuu, na dawa ya kuua vimelea vyake ilikuwa bado haijapatikana. Tegemeo lake lilikuwa njia iliyopendekezwa na Mwitaliano Carlo Forlanini mwaka 1882: hewa ya nje itiwe kifuani kando ya pafu bovu hadi linywee, lipumzike, lipone. Bethune alipona.

Hewa iyo hiyo, ikiingia bila kuitwa, huweza kuua. Pafu limezungukwa na tando mbili zinazoteleza. Pafu likitoboka, hewa huvujia kati ya tando hizo na pafu hunywea. Mwenye mapafu mazima huwekewa mrija ambao ncha yake imezamishwa ndani ya chupa ya maji, njia ambayo Gotthard Bülau wa Hamburg aliitumia karne ya 19 kutoa usaha kifuani. Hewa hutoka kwa mapovu na haiwezi kurudi. Mara nyingi pafu hutanuka, na tundu hujifunga.

Mwenye makovu ya mapafu hana bahati hiyo. Mwaka 1944 Louis Hamman na Arnold Rich wa Johns Hopkins, Baltimore, walieleza juu ya wagonjwa ambao mapafu yao yalikakamaa upesi kwa makovu yaliyoenea kote. Pafu la namna hiyo limekauka kama ngozi iliyoanikwa juani. Tundu lake ni gumu kufunga, na hata pafu lenyewe likivutwa kwa mrija huenda lisiufikie ukuta wa kifua. Chupa hutoa mapovu wiki baada ya wiki. Kumpasua mgonjwa nako kuna hatari: ugonjwa unaweza kuchachamaa ghafla na kumkatisha pumzi kabisa.

Bethune mwenyewe alikuwa ametoa wazo la kusaidia. Mwaka 1935 aliandika jinsi alivyonyunyizia poda ya talki kifuani ili tando ziwashwe na kugandana, akiwaandaa wagonjwa wa kukatwa sehemu ya pafu. Waliomfuata walitumia talki kuziba hewa inayovuja. Ila talki hufanya kazi kwa kuwasha, na pafu lenye makovu huweza kushindwa kuustahimili mwasho huo.

Mwaka 1987 daktari Robinson aliandika katika jarida la wapasuaji la Kanada njia ya upole zaidi: damu ya mgonjwa huchotwa mkononi mwake na kumiminwa kifuani kupitia mrija uleule. Damu huganda na kufunika tundu. Nchini Japani, daktari Watanabe naye alibuni vizibo vidogo vya silikoni vinavyopitishwa kooni hadi kwenye njia ya hewa inayolisha tundu. Njia zote mbili hazihitaji kufungua kifua, na ndiyo maana madaktari huzikimbilia mgonjwa akiwa dhaifu mno kwa upasuaji.

Hakuna njia kati ya hizo inayoondoa kovu. Humpa mgonjwa pumzi, na pumzi ni muda. Basi wewe mwenye makovu ya mapafu, au unayemuuguza mwenye nayo: kifua kikichoma ghafla na pumzi ikapungua, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.