Udhibiti wa milipuko ya bakteria sugu hospitalini

Udhibiti wa milipuko ya bakteria sugu hospitalini ni jumla ya hatua zinazochukuliwa ili kutambua, kutenga na kuzuia bakteria ambao hawauawi tena na antibiotiki za kawaida. Mlipuko hutokea wagonjwa wa wodi moja wanapopata maambukizi ya bakteria wa aina moja, katika kipindi kifupi, kwa idadi inayozidi ile ya kawaida. Nchini Tanzania usugu wa vimelea dhidi ya dawa hujulikana pia kwa kifupi cha UVIDA.

Historia

Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis aliwaagiza madaktari wa hospitali moja ya Vienna, Austria, kunawa mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwahudumia wazazi, na vifo vya homa ya uzazi vikapungua sana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya mwaka 1945 kwamba dawa hiyo ikitumiwa kwa kipimo kidogo mno bakteria wataizoea.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipitisha mpango wa dunia dhidi ya usugu mwaka 2015. Tanzania ilifuata kwa mpango wa kitaifa wa miaka 2017–2022, kisha mwingine wa 2023–2028.

Jinsi bakteria sugu wanavyoenea

Hospitali hukusanya mahali pamoja watu dhaifu, antibiotiki nyingi na mikono mingi inayohama kutoka kitanda hadi kitanda. Bakteria hupita kwenye mikono ya wahudumu, vitanda, masinki, dripu, mipira ya mkojo na vyombo vya chakula. Baadhi, kama vile Klebsiella na Escherichia coli, hutengeneza vimeng'enya vinavyovunja penisilini na dawa kama seftriaksoni. Jeni za vimeng'enya hivyo huweza kupitishwa kutoka bakteria mmoja hadi mwingine, hata wa spishi tofauti.

Hatua za udhibiti

* Kupima: damu, mkojo au usaha huoteshwa maabara ili kumjua bakteria na dawa inayomuua.
* Kunawa mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa na baada ya kugusa vitu vilivyo karibu naye.
* Kutenga: wagonjwa walioambukizwa huwekwa chumba chao au upande mmoja wa wodi, wakiwa na wahudumu na vifaa vyao.
* Kusafisha: vitanda, vifaa na sakafu husafishwa kwa sabuni, kisha kwa kipukusi.
* Kutafuta chanzo: sampuli za vifaa, maji na chakula hulinganishwa na zile za wagonjwa.
* Kutunza dawa: antibiotiki za akiba hutolewa tu pale ambapo nyingine zimeshindwa.

Nchini Tanzania

Utafiti uliofanyika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2001–2002 ulionyesha kuwa watoto wenye maambukizi ya damu ya bakteria wa aina ya Gramu hasi walikufa kwa asilimia 43.5, ikilinganishwa na asilimia 20.2 kwa wenye malaria. Usugu wa dawa uliongeza hatari ya kifo.

Mlipuko mmoja ulitokea katika wodi ya watoto wachanga ya Hospitali ya Bugando, Mwanza. Bakteria waliotoka katika damu ya vichanga walifanana na wale waliopatikana katika maziwa ya unga yaliyokwisha kufunguliwa. Uchunguzi zaidi ulionyesha kuwa ni spishi mpya, nayo mwaka 2016 ilipewa jina la Enterobacter bugandensis, kutokana na hospitali hiyo.

Arusha na eneo la Mlima Meru

Jijini Arusha wagonjwa huhudumiwa na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru pamoja na hospitali za dini, ikiwemo ALMC ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT). Wenye hali ngumu huweza kupewa rufaa kwenda KCMC mjini Moshi. Mgonjwa anayehamishwa huweza kwenda na bakteria wake. Kwa hiyo barua ya rufaa inapaswa kutaja antibiotiki alizotumia na majibu ya maabara.

Bakteria sugu huingia hospitalini pia kutoka majumbani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020, ukishirikisha Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington cha Marekani, ulihusu kaya 425 za makabila matatu ya kaskazini: Waarusha, Wamaasai na Wachaga. Bakteria sugu walipatikana kwa watu, mifugo, mbwa, wanyamapori na kwenye vyanzo vya maji. Usugu haukuhusiana na matumizi ya dawa za mifugo bali na mazingira ya maisha yanayorahisisha bakteria kuenea. Matokeo hayo yanakubaliana na uzoefu wa hospitali: kupunguza dawa peke yake hakutoshi pasipo kuziba njia za maambukizi.

Changamoto

Hospitali nyingi hazina maabara ya kuotesha bakteria, na majibu huchukua siku kadhaa, hivyo daktari hulazimika kuanza tiba kwa kukisia. Msongamano wa wodi, hasa vichanga wawili au zaidi katika kitanda kimoja, hufanya kutenga kuwe kugumu, na maji yakikatika kunawa mikono hukwama. Nje ya hospitali, antibiotiki bado hununuliwa bila cheti cha daktari, na wagonjwa wengi huacha dozi mara wanapopata nafuu.

Tazama pia

* Antibiotiki
* Bakteria
* Penisilini
* Alexander Fleming
* Mkoa wa Arusha