SOMO LA HISTORIA: BARAKOA NA MEYA WA SAN FRANCISCO

Kaeni vizuri, tuanze somo.

Mwaka 2020, maradhi ya korona yalipoingia Kenya, serikali iliamuru kila mtu avae barakoa mahali pa watu. Aliyekaidi aliweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 20,000, au kufungwa muda usiozidi miezi 6. Amri ile iliondolewa Machi 2022. Je, wadhani ilikuwa mara ya kwanza watu kuamriwa hivyo? Sivyo. Twende Marekani, katika mji wa bandari uitwao San Francisco.

Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ikikaribia kwisha, homa kali ya mafua ilienea duniani. Mwezi wa Oktoba Baraza la Mji wa San Francisco lilipitisha sheria: mtu asiwe mbele za watu bila kufunika pua na mdomo kwa shashi ya tabaka nne. Adhabu ilikuwa faini ya dola 5 mpaka 100, au kifungo cha siku zisizozidi 10. Watu wengi walitii. Waliokaidi walikamatwa kwa mamia.

Sasa sikiliza. Mwezi wa Novemba palikuwa na mchezo wa ngumi. Picha ikapigwa, na wakubwa wa mji wakaonekana humo wamekaa uso wazi! Mmoja wao alikuwa Meya mwenyewe, James Rolph. Mwingine alikuwa Bwana Afya wa mji, William Hassler, aliyeipigania sheria ile. Meya akatoa dola 50, Bwana Afya dola 5. Kulipa walilipa, lakini watu walikwisha kuona.

Tarehe 21 Novemba, saa sita mchana, king'ora kililia na watu wote wakavua barakoa kwa furaha. Desemba homa ikazidi tena. Januari 1919 sheria ikarudishwa, lakini safari hii wengi walikasirika. Wakaunda chama cha kupinga barakoa, na watu wapatao 2,000 wakahudhuria mkutano. Tarehe 1 Februari sheria ikaondolewa. Homa ile iliua watu zaidi ya 3,000 katika mji ule.

Je, shashi ilifaa? Mwaka 1920 Daktari Kellogg, wa California, alitangaza majaribio yake. Aliona kwamba shashi nyepesi huachia matone ya kikohozi yapite. Ukiongeza tabaka nyingi, pumzi hupita pembeni. Basi waliopinga hawakukosea katika kila jambo. Lakini maradhi nayo hayakuwa mchezo, na jirani anayekohoa anaweza kukuambukiza.

Ndugu mwanafunzi, sheria ya namna hii ni kama banda la nguzo mbili. Nguzo ya kwanza ni kitambaa kinachozuia kweli. Ya pili ni mkubwa anayevaa kabla ya kuwaamuru wengine. San Francisco nguzo zote mbili zilikuwa dhaifu, ndiyo maana sheria ilipokuja mara ya pili haikusimama.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Kwa nini watu walitii zaidi mara ya kwanza kuliko mara ya pili?
2. Ungekuwa askari, ungemtoza Meya faini?
3. Andika sentensi tatu juu ya amri ya afya uliyoiona kijijini kwako.

Kwaherini, mpaka somo lijalo.