Fidia ya corona katika mashamba ya matunda ya Yakima

KAUNTI ya Yakima imo katikati mwa jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani. Bonde lake, linalonyunyizwa maji kwa mifereji, hutoa matofaa, mapeasi, cheri na sehemu kubwa ya hopu, mmea unaoipa bia uchungu wake. Janga la Covid-19 lilipofunga shule na mikahawa mwaka 2020, serikali kuu ilitoa fedha kwa wenye mashamba kupitia njia mbili, ambazo aghalabu huchanganywa.

Njia ya kwanza ilikuwa fidia. Mnamo Aprili 17, 2020, Waziri wa Kilimo Sonny Perdue alitangaza mpango wa dola bilioni 19: bilioni 16 za kulipwa wakulima moja kwa moja, na bilioni 3 za kununua vyakula vya kugawia wahitaji. Mwanzoni matofaa hayakuhesabiwa miongoni mwa mazao yaliyoporomoka bei. Mkulima angefidiwa tu kwa matunda aliyosafirisha bila kulipwa, au yaliyomkalia shambani kwa kukosa mnunuzi. Kasoro hiyo ilirekebishwa Julai.

Awamu ya pili, iliyotangazwa Septemba, ilifuata mauzo ya mwaka 2019. Dola 50,000 za kwanza zililipiwa asilimia 10.6, na kiwango kikapungua hadi asilimia 8.8 kwa mauzo yaliyozidi dola milioni moja. Kwa hesabu hiyo, aliyeuza matunda ya dola 40,000 alistahili dola 4,240, naye wa dola milioni mbili takriban 182,000. Kikomo kilikuwa dola 250,000 kwa mtu mmoja, ila kampuni yenye wenyehisa watatu waliofanya kazi katika shamba hilo iliweza kupata 750,000. Ni dhahiri kipimo hicho kilifuata ukubwa wa shamba, wala si kina cha hasara.

Njia ya pili ilikuwa mikopo ya kulinda mishahara, iliyoanzishwa kwa sheria ya Machi 27, 2020. Riba yake ilikuwa asilimia moja, na deni lilifutwa iwapo angalau asilimia 60 ya fedha ilitumika kulipa wafanyakazi (awali sharti lilikuwa asilimia 75). Mkulima asiye na waajiriwa alipimwa kwa faida halisi. Aliyeandikisha hasara, na hao ni wengi katika kilimo, hakupata kitu. Bunge lilibadili kipimo hicho kuwa pato ghafi mnamo Desemba 2020. Vibarua wa msimu wanaoingia kwa viza kutoka Mexico hawakuhesabiwa, kwa kuwa makao yao makuu hayako Marekani.

Nao wachumaji na wapakiaji? Mei 2020, Yakima ikiwa miongoni mwa maeneo yaliyoathirika vibaya zaidi katika pwani ya magharibi, wafanyakazi wa vituo kadhaa vya kupakia matunda waligoma wakidai kinga na malipo ya kukabili hatari. Wasio na vibali vya kuishi nchini walinyimwa hata zile dola 1,200 walizotumiwa raia. Agosti, serikali ya jimbo iliwatengea mfuko wa dola milioni 40. Malipo ya Wizara ya Kilimo kwa vibarua wa mashamba, yasiyozidi dola 600 kwa kila mmoja, yalitangazwa Septemba 2021, na mashirika ya kuyagawa yakateuliwa Oktoba 2022.