Ifakara hadi Dar: Ni Kilomita Ngapi na Unatumia Saa Ngapi?

Ukipima kwa mstari ulionyooka, kutoka Ifakara hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 320. Ndege ndogo ya kukodi yenye mwendo wa kilomita 300 kwa saa inafika kwa saa moja na dakika chache. Kwa basi? Jiandae kumaliza siku.

Barabara inazidi kilomita 400, maana haiendi moja kwa moja. Katikati kuna mbuga iliyokuwa ikiitwa Selous, leo sehemu kubwa yake ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Basi linapanda kwanza kaskazini, linapita Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa, kisha Kidatu, hadi Mikumi ndipo lishike barabara kuu ya Morogoro. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, karibu kilomita 50, dereva anapunguza mwendo. Ukigonga mnyama, unalipa faini.

Treni ya TAZARA yenyewe inakatiza mbugani. Tatizo haiondoki kila siku.

Kwa anayeanzia safari Mahenge, ng'ambo ya mto Kilombero, zamani kabla ya kuhesabu kilomita ulihesabu foleni ya kivuko. Januari 2016 kivuko hicho kilizama. Mwaka 2018 likazinduliwa Daraja la Magufuli, mita 384, na mgonjwa anayekimbizwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, sasa anavuka kwa dakika moja tu.