Kimo cha Maji na Msingi wa Nyumba: Hoja Juu ya Mafuriko ya Mto Mara

Katika nchi za kaskazini, ambako theluji ya majira ya baridi huanza kuyeyuka kwenye Machi, mkazi wa ukingoni hupata muhula, maana maji yatakayomdhuru huwa yamelala mlimani na uwandani, yakionekana kwa macho. Mto Mara hauna theluji. Asili yake ni nyanda za Mau, Kenya, zishukako Nyangores na Amala, mito miwili iungamayo kuwa Mara. Nao, katika safari ya kilometa zipatazo 395, hupita mbuga za Maasai Mara na Serengeti, ukatenga wilaya za Tarime na Serengeti, ukazama katika mafunjo ya Masurura, kisha ukaingia Ziwa Viktoria. Kwa sababu hiyo mkulima aliye chini ya Nyamongo aweza kuamka mbingu ikiwa safi, akaukuta mto umefura kwa mvua asiyoiona wala kuisikia.

Ipo na gharika ya pili, ya taratibu. Baada ya mvua kubwa za 1961 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2 hata kufikia kilele chake Mei 1964. Mei 2020 lilirudi kwenye alama ile, na Mei 2024 likaipita. Ziwa likijaa, mto hukosa pa kumwaga, na maji yakasimama Masurura kwa miezi mingi baada ya masika kwisha.

Madhali hali ndiyo hii, kipimo tunachokitumia kinastahili kuhojiwa. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 chakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo. Ni sheria njema, walakini penye ukingo wa genge mita 60 ni salama tele, ilhali katika tambarare ya Masurura hazimkingi mtu, kwa kuwa maji yakipanda shibiri moja tu huenea masafa marefu. Tena ukingo wenyewe ni upi: wa kiangazi au wa masika? Mtu hugharikishwa kwa kimo cha maji, na kwa kimo ndiko anakostahili kuhesabiwa. Hata kimo nacho chataka akiba: Aprili 1997, mjini Grand Forks, Marekani, watu walijikinga kwa kutazamia maji ya futi 49, theluji ilipoyeyuka mto ulipanda hata futi 54, na mji ukazama.

Wapo wasemao dawa ni kuhifadhi misitu ya Mau. Wamesema kweli, ila mti upandwao leo haumfai mwenye nyumba masika ijayo.

Ukuta wa tofali mbichi hauanguki kwa kishindo. Maji yakiuzunguka, safu ya chini hunywa na kulainika, ukuta ukafanya tumbo, paa likaegemea upande mmoja, na aghalabu huporomoka maji yanapopungua, watu wamekwisha kurejea ndani. Hadhari yake yajulikana: msingi wa mawe uliopita alama ya juu kabisa ambayo wazee waikumbuka, na fauka ya hapo kiasi cha akiba, ghala la mtama juu ya mawe, choo cha shimo mbali na kisima na mahali palipoinuka, kwani shimo likifurika huleta kipindupindu, na njia ya ng'ombe kwenda mlimani iachwe wazi, isilimwe.

Haya ya mwenye nyumba hayatoshi pasipo serikali. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Viktoria na isimamishe nguzo za kimo katika vijiji vya ukingoni, na habari za mto kupanda upande wa Kenya zifike kwa wenyeviti wa vijiji kabla ya maji yenyewe. Nazo halmashauri za Tarime na Serengeti, zikitafuta pa kuanzia, zichore alama za maji ya 2024 kwenye miamba na kuta za shule sasa hivi, mashahidi wangali wakikumbuka yalipofika.