Mpinduko wa Msuko: Istilahi ya Kinachotutikisa Kwenye Anime

Sehemu ya 6 ya msimu wa pili wa Shingeki no Kyojin, iliyorushwa Japani tarehe 6 Mei 2017, ina dakika chache ambazo wapenzi wa anime hawajaacha kuzizungumzia. Askari wamesimama juu ya ukuta unaowakinga watu na majitu, wamechoka baada ya usiku wa mapigano. Askari Hannes amekuja na habari kwamba ukuta umekaguliwa na hakuna tundu lililoonekana. Wenzao wanajiandaa kuondoka. Askari Reiner anamwita Eren, mhusika mkuu, pembeni na kumwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba miaka mitano iliyopita wao ndio waliovunja ukuta: yeye ni Jitu la Deraya, na Bertholdt aliyesimama karibu yake ni Jitu Kuu. Hapigi kelele wala hatishi. Kauli nzito kuliko zote inapenyezwa katikati ya maongezi mengine, na mtazamaji anabaki akijiuliza kama amesikia sawasawa.

Tukio la namna hii Waingereza huliita plot twist, na vijana wetu wamelichukua jina hilo lilivyo. Nusu yake tunayo tangu zamani. Mwanafunzi yeyote wa fasihi anaujua msuko, yaani jinsi matukio ya hadithi yanavyopangwa na kushikana kwa sababu na matokeo. Nusu ya pili ndiyo haijatulia. Ninapendekeza tuseme mpinduko, na kwa ukamilifu mpinduko wa msuko: tukio au ufichuzi unaoyapa matukio tuliyokwisha kuyaona maana iliyo kinyume na ile tuliyoishika.

Yapo maneno mengine yanayoweza kugombea nafasi hii. Msokoto unafuata neno la Kiingereza hatua kwa hatua, lakini kwa Mswahili msokoto ni wa kamba, wa tumbo au wa bangi. Mgeuko unafaa kwa badiliko lolote, hata la polepole, kama la mhusika anayeacha ulevi kidogo kidogo. Mapinduzi yamekwisha chukuliwa na siasa. Mshangao unataja hali ya mtazamaji tu, hausemi lolote kuhusu hadithi yenyewe. Mpinduko unatokana na kupinduka, na kitu kilichopinduka ni kilekile: kilichokuwa chini ndicho sasa kiko juu. Hilo ndilo hasa linalotokea juu ya ule ukuta. Reiner hajabadilika, ni sisi tunaouona upande wake uliokuwa umefichwa.

Wajapani wenyewe walifika hapohapo kwa njia ya jukwaa. Jina lao la jambo hili ni donden-gaeshi, na limetoka katika maigizo ya kabuki. Ni mtambo wa kubadilisha mandhari mbele ya watazamaji: jengo la jukwaani linalazwa kwa nyuma kwa nyuzi 90, na upande uliokuwa chini unasimama kuwa mandhari mpya. Don-den ni mlio wa ngoma zinazopigwa wakati huo, na gaeshi ni kupindua. Hakuna mandhari iliyoletwa kutoka nje; ilikuwa palepale muda wote, chini ya nyumba tuliyokuwa tukiitazama.

Karne nyingi kabla ya hapo, Aristotle alilichambua jambo hili katika Poetika. Alitenga mambo mawili: kupinduka kwa hali kuwa kinyume chake, na utambuzi, yaani kutoka katika kutojua kuingia katika kujua. Mfano wake ni tamthilia ya Sophocles ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaifahamu kama Mfalme Edipode, tafsiri ya Samuel Mushi. Mjumbe anakuja kumtoa mfalme hofu, na maneno yake ya faraja ndiyo yanayomfichulia mfalme asili yake. Aristotle alishikilia kuwa utambuzi bora ni ule unaokuja pamoja na mpinduko. Kwa Eren mambo hayo mawili yanatokea kwa pumzi moja: anamjua adui aliyemwinda tangu utotoni, na papo hapo anampoteza mtu aliyemheshimu kama kaka katika miaka ya mafunzo.

Kipimo cha mpinduko ni kurudi nyuma. Ukirudi msimu wa kwanza, utamwona Reiner akinaswa mkononi mwa Jitu la Kike, kisha akijinasua kwa panga zake. Mara ya kwanza tunashangilia ushujaa wake. Lakini angalia kinachofuata: jitu linatazama kiganja chake, kisha linageuka na kukimbilia upande aliko Eren. Kidokezo kwamba wawili hao wanashirikiana kilikuwa mbele ya macho yetu, tukakiona kama ushindi. Mpinduko usio na vidokezo vya aina hiyo ni ghilba tu. Mwandishi ameficha kitu ambacho hakikuwapo.

Hapa ndipo istilahi hii inapoachana na jirani zake. Taharuki ni hamu ya kujua litakalofuata, na inatazama mbele. Mpinduko unatutazamisha nyuma. Sadfa ni matukio kukutana bila kupangwa, nayo haihitaji maandalizi. Mbinu rejeshi inatupeleka wakati uliopita. Mpinduko unautafsiri upya wakati huo bila kututoa tulipo. Na kinaya kina uhusiano wa pekee nao. Mtu anayetazama kwa mara ya pili hashtuki tena, lakini kila Reiner anapomfariji Eren, mtazamaji anajua asilolijua Eren. Mpinduko wa mara ya kwanza umekuwa kinaya mara ya pili, ndiyo maana hadithi iliyosukwa vizuri haifi hata ukiharibiwa uhondo.

Kuna jambo la mwisho ambalo sehemu ile ya 6 inalifundisha kuliko nyingine nyingi. Jina lake la Kijapani ni Senshi, mpiganaji, na hadithi inalitofautisha neno hilo na heishi, askari. Reiner aliingia ndani ya kuta kama mpiganaji aliyetumwa kuangamiza, akaishi kama askari anayewalinda wenzake, mpaka nafsi yake ikagawanyika. Anakiri kwa wepesi ule kwa sababu hawezi tena kuubeba mgawanyiko huo. Mpinduko, basi, haukuletwa kumshtua mtazamaji. Umeletwa na uchungu wa mhusika, na kwa sababu hiyo tunamwonea huruma msaliti hata Eren anapomlilia kwa hasira.

Neno hili litatufaa katika matumizi ya kila siku: msuko umepinduka, mwandishi ameupindua msuko, mpinduko umeandaliwa au umelazimishwa. Litumike pia kudai haki ya mtazamaji. Tunapomaliza sehemu iliyojaa mishtuko, tuulize kila mmoja wao umepindua nini. Ukikosa jibu, hukuona mpinduko, umetishwa tu. Ukipata jibu, rudi sehemu ya kwanza uanze kutazama upya, maana hadithi uliyodhani umeimaliza bado hujaiona.